Saksafoni Kuukuu kama Hati ya Kihistoria: Namna ya Kuisoma Kabla ya Kuinunua

Nyuma ya kiwiliwili cha saksafoni nyingi zilizotengenezwa Marekani kati ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, karibu na mahali kidole gumba cha kulia kinapokaa, kuna maandishi madogo yaliyogongwa kwa muhuri wa chuma. Yanataja hataza, tarehe 8 Desemba 1914, na namba 1119954. Mara nyingi muuzaji huyasoma kwa fahari: "Hii ni ya mwaka 1914." Si ya mwaka 1914. Tarehe hiyo ni ya hataza iliyolinda njia ya kuvuta kingo za matundu ya sauti kutoka katika bati lenyewe la kiwiliwili, badala ya kutengeneza vipete pembeni na kuvilehemu juu yake. Kampuni ya Conn iliendelea kugonga tarehe hiyo kwenye vyombo vyake kwa miaka mingi baadaye. Hata ile namba si ya chombo. Ni ya hataza katika ofisi ya serikali ya Marekani, na iko vilevile kwenye maelfu ya saksafoni. Namba ya chombo ni nyingine, nayo husomwa mahali hapohapo, jirani na herufi moja au mbili ambazo watu wengi huzipita bila kuziangalia.

Sisi wanafunzi wa historia tunaifahamu hali hii. Tarehe iliyotajwa ndani ya hati si lazima iwe tarehe ya hati yenyewe. Katika insha hii ninajaribu kuisoma saksafoni kuukuu kama tunavyofundishwa kusoma waraka wa kale: nani aliyeuandika, lini, kwa nia gani, na nani aliyekuja baadaye akafuta na kuandika upya. Naona kwamba chombo cha namna hii kina mashahidi watatu: maandishi ya kiwanda, mwili wake, na hadithi za soko. Shahidi anayesikilizwa kuliko wote ni namba, na namba ndiyo inayojua machache zaidi.

Jambo hili si la watu wa makumbusho peke yao. Upande wetu huu tumeijua saksafoni kupitia orkesta za Kongo. Jean-Serge Essous wa Brazzaville alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956. Isaac Musekiwa alitoka Rhodesia ya Kusini akapuliza humohumo. Verckys Kiamuangana akaifanya saksafoni ya bendi hiyo isikike kila mahali katika miaka ya 1960. Manu Dibango alifika Léopoldville mwaka 1961 pamoja na African Jazz ya Kabasele. Tangu wakati huo kijana anayetaka kupuliza huota saksafoni, na kwa bei za vyombo vipya vya viwanda vinavyoheshimika, ndoto hiyo huishia kwenye mtumba. Vijana wa kwaya au wa bendi ya mtaa huchangishana miezi kadhaa, halafu fedha zote zinategemea picha nne za simu na neno la dalali. Wakikosea kuusoma waraka, mchango umekwenda.

Tuanze na mwenye jina. Adolphe Sax alizaliwa Dinant, mji ulio Ubelgiji ya leo, mwaka 1814. Alihamia Paris mwaka 1842, na mwaka 1846 akapewa hataza ya saksafoni. Mteja aliyemlenga alikuwa jeshi la Ufaransa. Aprili 1845, katika uwanja wa Champ de Mars, bendi iliyotumia vyombo vyake ilishindanishwa hadharani na bendi ya mtindo wa zamani, na Sax akatoka na ushindi. Washindani wake walimburuta mahakamani mwaka baada ya mwaka, akafilisika zaidi ya mara moja, na hataza ilipokwisha mwaka 1866 kila kiwanda kikawa huru kutengeneza saksafoni. Alifariki mwaka 1894. Karne moja baadaye Wabelgiji waliweka sura yake kwenye noti ya faranga 200. Saksafoni zilizotoka katika karakana yake ni mali ya wakusanyaji. Hazina vibonyezo vyote ambavyo mpulizaji wa leo anavihitaji, na anayetafuta chombo cha kazi azipite tu.

Habari ya mnunuzi wa leo inaanzia Elkhart, mji mdogo katika jimbo la Indiana. Huko ndiko kilipokuwa kiwanda cha Charles Gerard Conn, na humo fundi Ferdinand August Buescher alishiriki kutengeneza saksafoni za kwanza za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880, kabla ya kuondoka na kuanzisha kampuni yake mwenyewe katika mji uleule. Kampuni ya Martin nayo ilikuwa hapohapo. Mji mmoja, viwanda vitatu, na mafundi waliokuwa wakihama kutoka kimoja hadi kingine: ndiyo sababu vyombo vyao vinafanana kiasi cha kumchanganya mgeni.

Kisha ikaja homa ya saksafoni. Kundi la Six Brown Brothers, ndugu waliovaa mavazi ya vichekesho jukwaani, na baadaye sahani za santuri za Rudy Wiedoeft, viliwafanya Wamarekani wa kawaida kutaka chombo hiki sebuleni. Viwanda vilijibu kwa kutengeneza vyombo kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Homa ilishuka mwishoni mwa miaka ya 1920, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukaimaliza kabisa. Vyombo vikaingia makabatini na darini. Kwa hiyo saksafoni ya mwaka 1925 si adimu hata kidogo, na umri pekee hauipi thamani. Anayeambiwa kwamba chombo ni ghali kwa kuwa kina miaka karibu mia moja, ajue anaelezwa jambo la ajabu ambalo si la ajabu.

Homa hiyo iliacha mtego mmoja unaostahili kusimuliwa. Saksafoni za bendi hutengenezwa kwa jozi ya E bemoli na B bemoli, maana yake mpulizaji akisoma noti ya Do, sikio husikia nyingine. Mtu wa nyumbani aliyetaka kusimama nyuma ya piano na kusoma karatasi ileile ya mpiga piano hakuweza. Viwanda vikamtengenezea saksafoni ya C, kubwa kidogo kuliko alto, ndogo kidogo kuliko tenori, ambayo Do yake ni Do ya piano. Wiedoeft mwenyewe aliipuliza. Zilitengenezwa kwa wingi hadi karibu mwaka 1930, kisha zikaachwa, na hazikuwahi kupata nafasi katika bendi. Leo zinapatikana kwa bei rahisi, na muuzaji asiyejua, au anayejua sana, huziita tenori. Kijana akiipeleka kwenye mazoezi hugundua kwamba haina karatasi yake katika mafungu ya muziki wa bendi, na kwamba mdomo wa kupulizia wa tenori haukai juu yake vizuri. Dawa ni ile herufi jirani na namba: C kwa saksafoni hiyo, A kwa alto, T kwa tenori. Herufi moja ina habari kuliko tarakimu saba za hataza.

Herufi nyingine inayofuata ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Kwenye vyombo vya Conn ni L. Kwenye vyombo vingine yameandikwa maneno mawili kamili ya Kiingereza yenye maana ya sauti ya kimo cha chini. Ili kuielewa ni lazima turudi kwenye swali ambalo leo tunaliona limekwisha: noti ya La ni ipi? (Wenzetu waliosoma kwa Kiingereza huiita A.) Karne ya 19 haikuwa na jibu moja. Ufaransa iliamua kwa sheria mwaka 1859 kwamba La ni mitetemo 435 kwa sekunde. Uingereza iliachia sauti ipande hadi takriban 452. Marekani, bendi za kijeshi na za miji zilikuwa zikipuliza kwenye takriban 457, kwa imani kwamba sauti ya juu hung'aa zaidi nje, uwanjani. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilikubali 440 mwaka 1917, mkutano wa kimataifa uliofanyika London ukaikubali mwaka 1939, na shirika la viwango la ISO likaiandika mwaka 1955. Bendi nyingi za tarumbeta za Uingereza ziling'ang'ania kimo cha zamani hadi miaka ya 1960.

Katika kipindi cha mpito, viwanda vya Elkhart vilitengeneza vyote viwili. Ukiweka saksafoni ya kimo cha juu kando ya ile ya kimo cha chini, jicho halioni tofauti, kwa kuwa moja imepungua urefu kwa takriban sehemu 4 tu kwa mia. Sikio huona. Tofauti ni kama theluthi mbili ya nusu-toni, yaani kila noti itakayopulizwa pamoja na kinanda itakwaruza. Baadhi ya wauzaji husema: vuta mdomo wa kupulizia nje kidogo, sauti itashuka. Itashuka, ni kweli, lakini haishuki sawasawa. Noti zinazotumia sehemu fupi ya bomba huathirika sana, zile zinazotumia bomba lote huathirika kidogo, na ngazi nzima ya sauti inavunjika. Hakuna fundi anayeweza kuirekebisha, maana kosa haliko kwenye kifaa kimoja, liko katika urefu wa bomba na nafasi ya kila tundu. Chombo chenyewe hakina kosa lolote. Kilitengenezwa kwa usahihi kwa ajili ya ulimwengu uliokwisha. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kitu kilichoshindwa na mkutano, si na kutu.

Jambo jingine la maandishi ni majina. Maduka makubwa na wauzaji wa vyombo walikuwa wakiagiza saksafoni kutoka Elkhart na kuchongewa majina yao wenyewe. Jina la Wurlitzer, kwa mfano, laweza kuwa juu ya mwili uliotengenezwa na kiwanda kingine kabisa. Hapa jina ndilo lisiloaminika, na mwili ndio unaosema kweli: umbo la walinzi wa vibonyezo, namna matundu yalivyotengenezwa, mpangilio wa vibonyezo vya kidole kidogo. Mjuzi akiona kingo za matundu zimekunjwa nje kama ukingo wa sufuria, atakisia Conn kabla hata hajasoma chochote, na mara nyingi atapatia. Wengine humdharau mnunuzi wa chombo cha jina la duka. Mimi naona huyo ndiye anayeweza kufaidi, kwa kuwa bei hufuata jina, sauti hufuata mwili.

Sasa twende Paris tena. Kampuni ya Henri Selmer ilianza kutengeneza saksafoni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1929 ikanunua karakana iliyokuwa ya familia ya Sax. Katikati ya miaka ya 1930 ikatoa Balanced Action, iliyopanga upya fito na vibonyezo ili mkono ukae kwa urahisi. Baada ya vita ikaja Super Balanced Action. Na mwaka 1954 ikaja Mark VI. Hiyo ya mwisho ilitengenezwa kwa takriban miaka 20 kwa upande wa alto na tenori, hadi Mark VII ilipochukua nafasi katikati ya miaka ya 1970. Soprano na baritoni ziliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpangilio wake wa vibonyezo ndio ambao karibu viwanda vyote vya leo vinauiga. Wakati huohuo Elkhart ilikuwa imepoteza kasi. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa vyombo vya muziki ili viwanda vitumikie vita, na kiwanda cha Conn kiliporudi kwenye saksafoni, hakikurudi kilivyokuwa. Kingo zile zilizokunjwa ziliachwa karibu mwaka 1947. Wafaransa waliikuta njia imefunguka.

Ibada ya namba ilizaliwa hapo. Wauzaji wanagawa Mark VI katika mafungu mawili: zenye tarakimu tano na zenye tarakimu sita. Mstari wa 100,000 ulivukwa karibu mwaka 1962, na soko linasema zilizokuwa kabla yake zina sauti ambayo zilizofuata hazina. Hebu tulitendee dai hili kama dai lolote la kihistoria. Kwanza, kiwanda hakikujua kwamba 100,000 ni mpaka. Ni mahali tarakimu zilipoongezeka, kama mita ya gari inavyogeuka. Pili, vipimo vya shingo na vya kona ya chini ya bomba vilibadilishwa zaidi ya mara moja katika ile miaka 20, na mabadiliko hayo hayakungoja namba ya mviringo. Tatu, vyombo vingi vilivyouzwa Marekani vilisafirishwa vikiwa vipande, vikaunganishwa, kuchongwa maua na kupakwa vanishi hukohuko Elkhart, kwa hiyo vyombo viwili vyenye namba zinazofuatana vingeweza kumalizwa na mikono ya watu wa nchi mbili. Orodha za namba na miaka nazo ni za kukadiria. Anayelipa nyongeza kubwa kwa ajili ya 98,000 na kuikataa 103,000 bila kuzipuliza zote mbili ananunua tarakimu.

Kuna na hekaya ya maganda ya mizinga. Inasemwa kwamba Mark VI hulia vizuri kwa sababu Wafaransa waliyeyusha maganda ya mizinga ya Vita Kuu ya Pili. Mark VI ilianza miaka 9 baada ya vita. Shaba iliyochanganywa na zinki kwa kiasi cha 70 kwa 30, ambayo hutumika sana kwenye mabomba ya aina hii, ina jina la kibiashara katika Kiingereza linalotokana na maganda ya risasi, kwa kuwa matumizi hayo ndiyo yaliyoifanya ijulikane. Huenda hekaya ilizaliwa hapo, mtu aliposikia jina la madini na kudhani ni historia yake.

Baada ya maandishi na hekaya unabaki mwili, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kukaa muda mrefu. Nianze na kile kinachomvutia kila mtu kwanza: mng'ao. Saksafoni za miaka ya 1920 zilikuwa shaba tupu au zilichovywa fedha, nikeli, na mara chache dhahabu. Vanishi ya kung'aa ilienea katika miaka ya 1930. Baada ya vita ikawa desturi ya karakana za Marekani kwamba chombo kikipelekwa matengenezo makubwa, kivuliwe vanishi ya zamani, kisuguliwe kwa gurudumu la mashine hadi kimeremete, kisha kipakwe upya. Hakuna aliyeona vibaya. Shule zilipenda bendi zake zing'ae kwenye gwaride, na fundi aliyerudisha chombo kikiwa na madoa angeonekana mvivu. Lakini gurudumu lile huondoa bati. Huondoa kidogo kila mara, na zaidi kwenye kingo: maua yaliyochongwa hufifia kama maandishi ya sarafu iliyotumika sana, namba hupoteza ncha zake, kingo za matundu hulika. Ukiona chombo cha mwaka 1935 kinang'aa kama cha jana, tazama michongo. Kama mistari yake ni butu na vanishi imejaa ndani ya mifereji yake, waraka umeandikwa upya juu ya ule wa kwanza. Waswahili walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kinyume chake, chombo kilichochovywa fedha na kugeuka cheusi kwa kulala kabatini miaka 60 hutisha macho ya mnunuzi, na bei yake huwa ya huruma. Weusi huo ni wa juujuu. Hutoka kwa kitambaa na subira. Chini yake mara nyingi bati lina unene wake wote na michongo ina makali. Madoa ya kuogopa ni mengine: vidoa vyekundu au vya waridi kwenye bati la njano, ambavyo huonyesha kwamba zinki imeondoka na shaba imebaki peke yake, dhaifu. Kidoa kimoja juu ya mdomo mpana hakina neno. Vidoa vingi kwenye shingo ni sababu ya kurudisha chombo mezani.

Shingo yenyewe itazamwe kwa ubavu. Wapulizaji wengi huubandika mdomo wa kupulizia kwa kusukuma kutoka juu huku chombo kimekwisha kufungwa, na baada ya miaka shingo hunama. Bomba lake, badala ya kuwa duara, huwa kama yai, na chini ya mkunjo hutokea mikunyanzi midogo. Fundi mzuri anaweza kuirudisha, ila mikunyanzi hubaki, na noti za juu huweza kuyumba. Tena, iulizwe kama shingo ni ya chombo hicho. Conn walitengeneza alto zenye shingo ya kurekebisha sauti kwa kuzungusha gurudumu dogo. Ikipotea, shingo ya kawaida haichukui nafasi yake.

Kisha chombo kishikwe kama fundi seremala anavyoshika ubao, jicho moja likifuata bomba kutoka juu hadi chini. Kilichoanguka huwa kimepinda, hata kama kilinyooshwa. Alama ya kunyooshwa ni vibonyezo vinavyogoma au lehemu mpya, ya kijivu, kwenye miguu ya nguzo. Kubonyea kwa mdomo mpana hakudhuru sana sauti. Kubonyea karibu na shingo, mahali bomba ni jembamba, hudhuru. Vibonyezo vitikiswe kwa vidole upande hadi upande. Vikilia kwa kugongana, fito zimelika, na hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Pedi, yaani vile vipande vya ngozi vilivyo ndani ya vifuniko, ndizo zinazokula fedha. Zikizeeka hukauka na kupitisha hewa. Katika chumba chenye giza taa ndogo hushushwa ndani ya bomba, vifuniko hufungwa taratibu, na mahali mwanga unapochungulia ndipo hewa inapotoka. Asiye na taa hutumia kipande chembamba cha karatasi ya sigara: huwekwa chini ya pedi, kifuniko hufungwa, karatasi huvutwa, ikitoka bila kukwama, hapo pana upenyo. Kubadilisha pedi zote kwaweza kugharimu kuliko bei ya chombo, hasa huku kwetu ambako fundi wa kazi hiyo ni wa kutafutwa mji kwa mji. Kwa hiyo bei ya kweli ni ile ya muuzaji pamoja na ile ya fundi, na mazungumzo yaanze kwa jumla hiyo.

Pedi ni za kubadilishwa. Matundu si hivyo. Tundu likiwa limepinda, pedi mpya haitaliziba, na fundi wa kawaida hulisawazisha kwa tupa. Kwenye matundu ya Conn yaliyokunjwa, tupa hula ule mkunjo hadi kuutoboa, na kilichopotea hakirudi. Kwenye vyombo vya Martin tatizo ni jingine. Wao hawakuvuta kingo kutoka kwenye bati; walizilehemu juu yake, na lehemu ikichoka hewa hupita chini ya kingo, mahali ambapo pedi haifiki na taa haionyeshi. Mtu atabadilisha pedi mara mbili na asijue chombo kinamkatalia nini. Hapo utaona thamani ya kujua nani alikitengeneza na kwa njia ipi.

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu darasani: kama mwili ndio shahidi mkuu, mbona mnada hulipia hadithi? Mfano unaojulikana ni Grafton, saksafoni ya plastiki nyeupe iliyobuniwa London na Hector Sommaruga na kuuzwa tangu takriban mwaka 1950 kwa watu wasiomudu shaba. Ni chombo dhaifu. Mwili wake hupasuka na mafundi wengi hawakubali kuugusa. Charlie Parker alipuliza moja katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto, tarehe 15 Mei 1953. Chombo chake kilipelekwa mnadani kwa Christie's, London, mwaka 1994, na jiji la Kansas City, alikokulia Parker, likakinunua kwa pauni 93,500. Jiji hilo halikukosea. Lilinunua ushahidi wa maisha ya mtu, na likakiweka makumbusho, ambako hakuna anayetakiwa kukipuliza. Bendi ya mtaa haina kabati la kioo.

Kwa hiyo anayenunua kwa picha za simu aombe picha hizi kabla ya kuuliza bei: namba na herufi zake kwa karibu, shingo kwa ubavu, michongo ya mdomo mpana, na nyuma ya kiwiliwili chote. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya shingo kwa ubavu amekwisha kujibu. Na ikiwezekana kukishika chombo, aende na mtu anayejua kupuliza, amwombe asipige wimbo. Afunge vifuniko vyote na apulize sauti ya chini kabisa, polepole, kama anayenong'ona. Ikitoka bila kusukumwa, matundu yote yamefunikwa. Ikikatika, au ikiruka kwenda kwenye sauti ya juu yake, kuna upenyo mahali fulani, na bei izungumzwe upya kuanzia hapo.